Fundo la Tai ya Kijani

Naomba radhi mapema, kabla hamjaanza kunitupia viatu. Hadithi hii ilistahili msimulizi mwenye sauti nzito na macho makavu, mtu anayejua mahali pa kunyamaza. Mmenipata mimi, Merv. Nimechekesha watu kwenye kumbi za Ballarat tangu nywele zangu zilipokuwa zangu, na kila nikijaribu kutisha, watu huuliza baa iko wapi. Tena nina ugonjwa wa jukwaani: mzaha ukianguka na ukumbi ukanyamaza, mkono wangu wa kulia hupanda wenyewe shingoni na kulegeza tai. Vuta kushoto, vuta kulia, shusha. Hapo angalau hucheka, kwa huruma. Basi hii nayo nitaiharibu, ila nitaiharibu kwa mpangilio.

Ilianza na kiti cha jikoni.

Jirani yangu Noreen Trewhella alitoka nje jioni moja kuanua nguo ambazo hazikukauka. Julai kwetu ni majira ya baridi kali, nguo hazikauki, hubadilisha tu aina ya unyevu. Aliporudi ndani akakuta tai imetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Ilikuwa pana kama ulimi wa ng'ombe, ya poliesta, ina maua ya rangi ya chungwa. Imefungwa fundo, na fundo lenyewe limelegezwa nusu, kama afanyavyo mwanamume aliyerudi kutoka kazini hana hamu hata ya kusalimia.

"Des!" akaita. "Kama umeanza kwenda disko, niambie na mimi nivae."

Des, mumewe, alitoka chumba cha mbele na miwani yake ya kukuzia ikiwa kwenye paji la uso. Alipoiona ile tai uso ulimshuka kama aliyeonyeshwa mtoto wake amelala barabarani.

"Nani kaifunga?"

"Si mimi. Nina kazi za maana."

"Noreen, hii ni ya mwaka sabini na mbili. Imekaa droo ya juu tangu Krismasi. Nani kaifunga?"

Lazima niwaeleze kwa nini mzee wa watu alikuwa karibu kulia kwa ajili ya kitambaa cha maua. Des alikuwa karani wa reli mpaka reli ikamchoka. Alipostaafu, wenzake walichukua fimbo za gofu, yeye akachukua tai kuukuu. Akizipata minadani, akizipata kwenye maduka ya mitumba ya kanisa, anazigeuza kama daktari anavyomgeuza mgonjwa: anapapasa bitana, anatazama mshono wa nyuma, anapima upana na urefu, ananusa, halafu anakutajia mwaka. Noreen alikuwa akisema, "Miaka arobaini na tano ya ndoa, mimi hajawahi kunigeuza akanisoma lebo."

Alizihifadhi kwenye kabati la droo pana lililotupwa na ofisi ya wapima ardhi, lile la kulaza ramani. Droo ya juu kabisa za miaka ya sabini, inayofuata sitini, kisha hamsini, arobaini, na ya chini kabisa thelathini. Kila tai imeviringishwa kuanzia ncha nyembamba na kufungwa kwa karatasi laini, na pembeni kuna kifuko cha lavenda cha kufukuza nondo. Za kufumwa hazitundikwi, zitarefuka, hulazwa tu. Na sheria iliyo juu ya sheria zote: tai hailali na fundo. Fundo hula hariri. Hukata nyuzi polepole, na likikaa miaka halifutiki tena.

Tai ikiingia nyumbani humo na fundo lililogoma, kazi ilikuwa ya Noreen. Alikuwa muuguzi zamani, na vidole vyake vimefungua bandeji za nusu ya mji. Sindano butu, mvuke wa birika, subira. Hakuna fundo lililowahi kumshinda.

Basi ile ya maua ikafunguliwa, ikaviringishwa, ikarudishwa. Wakalaumiana kidogo, kama watu wa umri wao, wakala kondoo wa kuoka na viazi, wakasahau.

Jioni nyingine ikaonekana ya pili. Hii ilikuwa nyembamba, nyeusi, ya miaka ya sitini, imening'inia kwenye ndoano ya makoti ukumbini. Fundo lilelile la nusu. Noreen alipoishika akaiachia. Sehemu ya shingoni ilikuwa na joto, tena ilikuwa na unyevu wa jasho.

"Ilinukia vumbi," aliniambia baadaye. "Si vumbi la hapa, Merv. Vumbi lililokaangwa na jua. Nje kuna barafu kwenye majani, na mimi nanusa jangwa ndani ya nyumba yangu."

"Labda Des ana mpenzi huko jangwani, Alice Springs," nikasema.

Hakucheka. Na Noreen hucheka hata kwenye mazishi. Ndiye mteja wangu bora. Nilimtazama vizuri nikaona amekuwa wa kijivu. Sauti yake ilikwaruza. Chini ya kidevu palikuwa na mstari mwembamba mwekundu, mithili ya alama ya uzi.

"Nimechoka," akasema. "Si usingizi. Nalala vizuri tu. Nimechoka kama niliyebeba mtu mgongoni kutwa nzima. Napanda ngazi za mlangoni, pumzi inakatika. Daktari kapima mapafu, anasema ni mapafu mazuri kwa umri wangu. Nikamwambia basi uyachukue uvute nayo wewe."

Kuanzia hapo nikawa naenda kunywa chai kwao jioni, nijifanye nimeishiwa sukari. Ndivyo nilivyoisikia kwa masikio yangu.

Ilikuwa saa kumi na moja, saa ambayo ofisi hufunga na majira hayo mwanga unakuwa umeshakata tamaa. Tumekaa jikoni watatu. Mlangoni mtu akafuta viatu. Kushoto, kulia, polepole, mara mbili. Des akageuka kumtazama anayeingia. Mlango haukufunguka. Lakini ubao wa ukumbini ulilia chini ya uzito, halafu wa pili, halafu pakasikika pumzi ndefu ya mtu aliyemaliza siku, mtu ambaye siku hiyo imemmaliza. Kisha sauti niliyoijua tangu nikiwa mtoto, baba yangu akirudi kutoka kazini: hariri inachomolewa kutoka kwenye kola. *Swiii.*

Noreen akashika meza. Midomo ilimbadilika rangi.

"Des," akanong'ona, "anaipitisha shingoni kwangu."

Tulikimbia ukumbini. Nasema tulikimbia, Des alikimbia, mimi nilimfuata nikimlinda mgongoni kwa mbali. Kwenye kitasa cha mlango wa chumba chao cha kulala kulikuwa na tai ya mistari, ya miaka ya hamsini, bado inabembea.

Mtu mwingine angepiga kelele. Des aliigeuza akatazama mshono. Ndivyo alivyo, nyumba ikiungua atakuambia kwanza kibiriti ni cha mwaka gani.

"Hamsini na tatu," akasema. Halafu mikono yake ikasimama. "Merv. Ya kwanza ilikuwa ya sabini, ya pili ya sitini. Hii ya hamsini."

"Ana ladha ya mchanganyiko."

"Anashuka droo. Anatafuta ya kwake, anarudi nyuma muongo kwa muongo. Na tazama anapoziacha. Kiti cha jikoni. Ndoano ya ukumbini. Mlango wa chumba chetu."

Tukautazama ule mlango. Nyuma yake kulikuwa na kitanda tu.

"Droo ya thelathini," nikauliza, "kuna kitu kipya?"

Noreen ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayezungumza kupitia blanketi. "Ile ya kijani."

Des alikuwa ameinunua pamoja na sanduku zima la tai, kwenye mnada wa vitu vya bibi mmoja wa Creswick aliyehamishiwa nyumba ya wazee. Ilikuja na fundo gumu kama kokwa la pichi. Noreen alilihangaikia mchana kutwa kwa sindano na mvuke, na lilipoachia, tai ilitoa pumzi. Alidhani ni birika.

Ndani ya kifuniko cha sanduku kulikuwa na jina: Pascoe. Kesho yake baada ya chakula cha mchana tukaenda Creswick, mimi na Des, kwa gari langu. Noreen hakuweza kuamka.

"Nendeni," alisema. "Akija nitamwambia hampo."

Bi Ina Pascoe alikuwa kajikongwe kadogo, kamekaa dirishani na blanketi magotini, na ulimi wake ulikuwa hauna dalili ya uzee.

"Tai za baba? Mpwa wangu aliuza kila kitu, hata mswaki. Mmekuja kunirudishia mswaki?"

Des akamwonyesha picha ya ile ya kijani. Bibi akaitazama, kisha akamtazama Des kwa muda mrefu, na utani wote ukamtoka usoni.

"Mmeifungua."

"Fundo huharibu hariri, Bi Pascoe. Sisi tunaokusanya, ndivyo tunavyofanya."

"Mtu mjinga angeiacha ilivyo," akasema Bi Ina. "Ilibidi ipate mtaalamu."

Akatueleza, huku akipumzika kila baada ya maneno machache. Baba yake aliuza cherehani nyumba kwa nyumba, huko magharibi kusiko na nyumba. Siku moja njiani akampakia mtu aliyekuwa anatembea peke yake jangwani, mtu huyo akakaa kiti cha nyuma. Baada ya muda baba akageuka kumsemesha, kiti kitupu. Lakini gari lilibaki zito. Na aliposhuka, uzito ukashuka naye. Akawa anakonda, anakosa pumzi, kila jioni saa za kumaliza kazi kuna kitu kinamkaba. Alipofika mji wa Broken Hill, mzee mmoja wa watu wa ngamia, wale waliosafirisha mizigo jangwani, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Afghanistan, alimwona tu barabarani akamwambia, "Una jini mgongoni, na amechoka kuliko wewe."

"Akamfukuza?" nikauliza.

"Amfukuzie wapi? Alishatembea jangwa lote. Alisoma maneno yake, akampulizia, akamwambia jini apumzike, akamfunga ndani ya fundo la tai aliyovaa baba. Baba hakuifungua maisha yake yote. Alikuwa anaivulia kichwani. Watu wakamwita mvivu."

"Alifunga fundo la namna gani?" Des akauliza. "Yapo mengi, Bi Pascoe."

"Sijui, baba'angu. Nilikuwa mtoto. Ninachojua halifungiki hewani, linafungwa shingoni, shingo ambayo yeye ameikalia. Ukikosea, unakuwa umemsaidia kukaba." Akavuta blanketi. "Na lisilale gizani muda mrefu. Aliyezoea shingo akiachwa kabatini, ataitafuta mwenyewe. Mimi nilikuwa naivaa Ijumaa, nikisikiliza redio."

Barabarani ukungu ulishuka, tukawa tunakwenda kwa mwendo wa kuku. Nikasema basi tumekwisha, fundo lenyewe hakuna anayelijua. Des alikuwa anasugua vidole.

"Jua linalijua," akasema.

"Nini?"

"Ile tai imefifia vipande vipande. Nilipoiona nililaani, nikasema imeharibika. Lakini si kuharibika, Merv. Miaka yote ile juani, kilichokuwa nje ya fundo kimepauka, kilichokuwa ndani kimebaki kibichi. Nikivikutanisha vipande vyote vilivyopauka, vikakaa nje, nikavificha vyote vibichi, nitakuwa nimelirudia fundo lile lile."

Tulifika giza limeshaingia. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Kwenye zulia la kufutia miguu palikuwa na vumbi jekundu, kavu kabisa, kwenye ukungu ule.

Na sasa ndipo ninapotamani mngepata msimulizi mwingine, kwa sababu nilichokiona nakikumbuka chote kwa mara moja, bila mpangilio: droo ya chini imevutwa mpaka mwisho na karatasi laini zimetapakaa sakafuni kama maganda, harufu ya jua na mafuta ya nywele ya kizamani imejaa ukumbini hadi koo linawasha, tai ya miaka ya arobaini iliyochorwa farasi kwa mkono imelazwa kwenye mto wa Des kama mtu aliyetandikiwa, na Noreen amekaa ukingoni mwa kitanda na gauni lake la kulalia, wima, macho wazi hayaoni, ile ya kijani imemzunguka shingo, na ncha zake mbili zinapanda zenyewe hewani, zinapishana, zinateleza, zinajaribu tena, kama mikono ya mtu aliyechoka mno hata amesahau fundo analolifunga kila siku, na kila zinapokosea zinakaza, na kila zinapokaza yeye anatoa sauti ndogo, ndogo sana, kama mlango wa chumba cha mbali.

Des alipanda kitandani na viatu vyake vya matope, akapiga magoti nyuma ya mkewe, akapitisha mikono mabegani mwake, vile baba anavyomfunga mwanawe tai siku ya kwanza ya shule, maana kwa mbele asingejua kushoto ni wapi. Akazishika zile ncha. Niliona mikono yake ikivutwa. Niliona mishipa ya shingo yake ikisimama.

"Merv, washa taa kubwa! Nahitaji kuziona rangi!"

Nikawasha taa kisha nikaenda kusimama karibu na kabati la nguo, ndani kidogo.

Akazungusha mara moja. Kipande kibichi kikabaki nje, akarudisha. Noreen akawa wa bluu. Akazungusha kwa upande wa pili, akapitisha chini, kilichopauka kikakutana na kilichopauka. Akapandisha, akaficha kijani, akapitisha tena. Jasho lilimdondokea mkewe kichwani. Pembetatu ya rangi ya majani makavu ikaanza kujijenga chini ya kidevu cha Noreen, kipande baada ya kipande, na kitu fulani chumbani kikaanza kupumua pamoja nasi.

Des hakujua maneno ya yule mzee. Aliinama karibu na fundo, na wala sijui kama alikuwa anazungumza na jini au na nafsi yake.

"Umechoka, bwana," akasema. "Tunajua. Sisi nasi tumechoka. Huyu amehudumia wagonjwa maisha yake yote, hana mgongo wa kukubeba. Kaa hapa. Hakuna kazi kesho. Pumzika."

Akapuliza. Akavuta.

Pumzi ile ndefu ikapita chumbani, ikaingia ndani ya kijani kile, ikaisha. Harufu ikakatika. Noreen akakohoa kama gari bovu linalowaka asubuhi.

"Des," akasema, "umepanda na viatu kwenye shuka safi."

Nililia kabatini humo, nikajifuta kwa sketi.

Tuliivulia kichwani mwake polepole, sisi watatu kama tunaobeba bomu. Swali likawa ikae wapi. Noreen akasema isilale nyumbani kwake hata usiku mmoja. Bi Ina hakuwa na nguvu tena. Des mwenyewe akakiri kwamba hawezi kuaminiwa: mtu wa kukusanya tai akiona fundo, vidole vinamwasha. Wakanigeukia. Mimi sijawahi kujifunza kufunga tai. Maisha yangu yote nimevaa zile za kubana na klipu, ambazo hata ukizivuta hakuna fundo la kufunguka. Na kila Ijumaa nina onyesho.

"Inahitaji shingo mara moja kwa wiki," Des akasema, "na mtu asiyejua kufunga wala kufungua. Merv, umeumbwa kwa kazi hii."

Nikajisikia fahari, nawaambieni kweli. Majira yote ya machipuko na kiangazi nimeipandisha jukwaani, naivalia kichwani, naivulia kichwani. Noreen akarudi kucheka. Rangi ikamrudia.

Ijumaa iliyopita, ukumbi wa Sebastopol, kitongoji cha jirani, nikasema leo niwape kitu cha kweli. Nikawasimulia hadithi hii. Nikaanza na mwisho, nikachanganya droo, nikasahau jangwa nikalirudia baadaye, farasi nikamweka kwenye tai isiyo yake. Nilipofika mahali pa kutetemeka, mtu wa mbele akapiga mwayo. Wa nyuma akauliza kama pai zimebaki. Ukumbi ukanyamaza kimya kile ninachokijua.

Na mkono wangu wa kulia ukapanda.

Vuta kushoto. Vuta kulia. Shusha.

Walicheka sana. Nadhani ndiyo maana hawakuisikia tai ikitoa pumzi.

Tangu hapo sipandi ngazi bila kupumzika. Des amekuja na miwani yake kusoma rangi, lakini jasho langu chini ya taa za jukwaani lilipenya hadi ndani ya fundo, likaifubaza tai nzima, sasa ni rangi moja mwanzo mwisho. Na jioni hii, saa kumi na moja, wakati naandika, kuna mtu anafuta viatu mlangoni, kushoto, kulia, polepole.

Simlaumu jini, alikuwa amelala zake. Simlaumu Des wala mzee wa ngamia. Ile radhi niliyoomba mwanzoni mlidhani ni utani. Ningeisimulia vizuri siku ile, wangetetemeka, au hata wangecheka mapema, nami nisingeigusa tai.